Droo ya Kina Katungu

Kwa heshima na taadhima, uongozi wa internat ya wasichana unawatangazia wanafunzi wote, wazazi wao na majirani wa mtaa wa Kimemi kwamba, kuanzia leo Ijumaa, maharage yamefutwa. Baada ya kutafakari kwa kina, na kwa kuzingatia afya ya matumbo ya kizazi kijacho, mahali pa maharage patachukuliwa na kuku wa kukaanga na viazi vya Luofu. Saladi ni hiari. Imetolewa Butembo na kutiwa mhuri.

Tangazo hilo liliishi dakika thelathini na tano. Halikuwa na mhuri, halikuwa na kuku, na uongozi wa internat, yaani bweni, uliliona kwa mara ya kwanza saa sita na robo mchana, kwenye skrini kubwa ya chumba cha kulia, pamoja na wasichana wote. Mwandishi wake alikuwa Kavugho wa mwaka wa sita, section informatique, yaani tawi la kompyuta. Yeye wakati huo alikuwa kwenye foleni na sahani yake mkononi, akisoma kwa mshangao kama wenzake, tena kwa mdomo wazi kidogo ili mshangao uonekane vizuri.

Ili mtu aelewe jinsi msichana wa miaka kumi na saba anavyoweza kufuta maharage, lazima kwanza aelewe kabati.

Internat ilikuwa imekataza simu. Wazazi waliokuwa mbali, Beni, Lubero, Kanyabayonga, waliandika barua fupi kwenye tovuti ya shule, na kila Jumamosi alasiri, baada ya kufua nguo, wasichana waliingia kwa zamu katika chumba cha kompyuta kuzisoma. Tovuti hiyo aliitengeneza mwalimu Ézéchiel, mtu mwembamba, mpole, aliyevaa koti lilelile tangu Kavugho alipokuwa mwaka wa kwanza. Alisema seva ni kama mtu mwenye kabati la droo nyingi. Kila droo imebandikwa lebo moja, na ndani yake kuna kitu kimoja tu. Ukitaja lebo, unapewa kilichomo. Ukiweka kitu kipya, cha zamani kinatoweka. Lebo ndiyo ufunguo, na kilichomo ndiyo thamani. Basi, hakuna elimu nyingine.

Shida ilikuwa kwamba kabati la kwanza lilikuwa kumbukumbu ya mashine yenyewe. Umeme ukikatika, droo zote zinabaki tupu, na umeme ulikatika kama vile ulikuwa na ratiba yake. Kwa hiyo mwaka huu mwalimu alileta ghala la kudumu, linaloitwa Redis, akampa Kavugho kazi ya kuandika adapta mpya.

"Programu hapana ijue kabati iko wapi," alimweleza. "Inatuma tu mutu. Inamwambia weka, leta, futa, safisha. Huyo mutu njo adapta. Yeye njo anajua njia."

"Kama vile Ma Sœur anatuma Papa Mathe kwa soko," alisema Kavugho, akimaanisha mtawa mkuu wa internat na mpishi wake.

"Voilà. Ma Sœur anajua Papa Mathe ananunua kwa nani?"

"Hapana, mwalimu. Na ni vizuri asijue."

Mwalimu alicheka, na hilo lilikuwa kosa lake kubwa katika habari hii. Kavugho aliipenda kazi ile kuliko chochote alichowahi kufundishwa. Aliandika adapta kwa siku tisa. Ilipokamilika, programu ya mwalimu haikubadilishwa hata mstari mmoja. Ilituma mtu wake kama jana, na mtu akaenda kwenye kabati jipya bila kusema. Umeme ukakatika, ukarudi, na barua zikawa bado zimo. Mwalimu Ézéchiel alimpa mkono kama mtu mzima.

Katika kuhamisha barua, Kavugho aliongeza mistari miwili ya huruma, na sababu yake ilikuwa majina.

Kwetu jina la mtoto huwa liko tayari kabla yake. Watu huhesabu kaka na dada waliomtangulia, na jina linajitokeza lenyewe. Ndiyo maana katika internat kulikuwa na Katungu wanne na Kavugho watatu, na mtu akiita "Katungu" kwenye uwanja wa mpira, nusu ya timu inageuka. Hapo mwanzo mwalimu, ambaye usomi ulimfanya asahau kwao, alikuwa amebandika lebo kwa majina. Kina Katungu wote wanne wakafungua droo moja, na kila mzazi aliyeandika akamfuta mwenzake. Mwalimu akaona haya, akabadilisha lebo zote ziwe namba ya kadi ya mwanafunzi. Lakini barua chache za zamani zilikuwa bado zimekaa chini ya majina, na Kavugho hakutaka zipotee. Akaiambia adapta: ukikuta droo ya namba ni tupu, chungulia droo ya jina. Alikusudia kuiondoa mistari hiyo baada ya wiki moja. Wiki hiyo haikuwahi kufika.

Sasa turudi kwenye foleni ya maharage.

Kuna wasichana waliopiga makofi, kuna walioanza wimbo. Kavugho alikuwa bado anafurahia uso wake wa mshangao alipomwona Papa Mathe, mpishi, akitoka jikoni na mwiko mkononi. Alisimama mbele ya skrini. Papa Mathe alisoma polepole, akiisogeza midomo. Kisha akavua aproni, akaikunja mara nne kama kitambaa cha altare, akaiweka mezani.

"Miaka kumi na mbili," alisema, bila kumwambia mtu. "Na mutu hapana aniambie kwa mudomo. Ananiambia kwa televizyo."

Akaenda kutafuta kofia yake.

Kavugho aliweka sahani yake chini. Hakuwa amemfikiria Papa Mathe hata kidogo, alifikiria maharage tu. Akatoka kwenye foleni, akapanda ngazi mbilimbili hadi chumba cha kompyuta. Mwalimu alikuwa amekwenda kula. Tangazo lilikaa kwenye droo moja kati ya zile zinazoanzia na neno "tangazo", ambazo skrini ya chumba cha kulia huzisoma, na ilitosha kumwambia mtu wa kazi asafishe droo hizo tu. Kwa haraka yake, Kavugho aliandika "safisha" akasahau kutaja neno la mwanzo. Na adapta, ikiambiwa safisha bila kuambiwa wapi, inasafisha kabati zima. Papa Mathe angeuliza: zote? Adapta haiulizi. Kavugho mwenyewe ndiye aliyeiandika isiulize.

Skrini ya chumba cha kulia ikawa nyeupe. Kule chini, Ma Sœur Agar, mkuu wa internat, alikuwa ameshamkamata Papa Mathe mkono kwenye mlango na kumrudisha jikoni kwa maneno mazuri. Maharage yakagawiwa. Lakini Kavugho hakushuka. Alikuwa ameuliza kabati lina droo ngapi zenye kitu. Asubuhi zilikuwa mia mbili na kumi na moja. Sasa jibu lilikuwa sifuri. Nakala ya akiba ilifanywa kila Jumapili baada ya misa, kwa hiyo ile ya mwisho haikuwa na barua yoyote ya wiki hii.

Wengi wangelaumu mtandao, kama kawaida. Barua moja tu ndiyo iliyomfanya akae chini.

Kitanda cha karibu na cha Kavugho kilikuwa cha Katungu wa Beni. Mama yake Katungu alikuwa na uvimbe tumboni, na madaktari wa Beni walikuwa wamesema watampasua, bila kusema siku. Kwa wiki tatu Katungu alikuwa amesoma droo tupu kila Jumamosi. Na leo asubuhi, saa nne, Kavugho alikuwa kwenye mashine ilipoingia barua mpya. Mashine haikuonyesha ni ya nani, ilionyesha tu inakotoka: Élisée, Beni. Élisée ni mdogo wake Katungu, mwenye miaka kumi na miwili, ndiye anayeandika mama akisema. Kavugho alikimbia kumwambia.

"Inasema nini?" Katungu aliuliza.

"Sijue. Mimi hapana nasoma barua za batu."

Hiyo ilikuwa kweli. Katika dhambi zote za kompyuta, ndiyo pekee aliyokuwa bado hajaifanya. Na ndiyo maana sasa, mbele ya kabati tupu, hakukuwa na mtu Butembo nzima aliyejua barua ile ilisema nini.

Kavugho alikusudia kumwambia Katungu ukweli Ijumaa alasiri. Kisha akakusudia wakati wa chakula cha jioni. Jumamosi asubuhi walikuwa kwenye bomba, wakisugua kola za mashati, naye alikuwa ameshafungua mdomo, Katungu akamtangulia.

"Weye," alisema, macho kwenye povu, "kama ni mubaya, utakaa karibu yangu?"

"Nitakaa."

"Hata kama nalia kama mbuzi?"

"Sasa hujaanza, na tayari unafanana naye."

Katungu akamrushia povu usoni. Wakacheka. Kavugho akafunga mdomo wake pamoja na ukweli uliokuwa ndani, akaomba ruhusa ya kwenda kuangalia mashine kabla ya wenzake.

Hatukatai, aliyoyafanya huko juu yana jina lake katika katekisimu. Lakini aliyafanya kwa moyo mwema, na kwa ujinga mwingi zaidi. Aliandika hivi:

"Mwanangu Katungu, Mungu ni mwema. Nimepasuliwa, nimeamka salama, nakula. Usije Beni, baki usome kwa bidii. Ni mimi mama yako."

Alisoma mara mbili na akapendezwa, hasa na hiyo "nakula". Ilibaki kuiweka kwenye droo. Namba ya Katungu hakuijua. Orodha ilikuwa ofisini kwa Ma Sœur, na kumuuliza Katungu mwenyewe kungezaa maswali. Ndipo akakumbuka mistari yake miwili: droo ya namba ikiwa tupu, chungulia droo ya jina. Na droo zote za namba zilikuwa tupu, shukrani kwake mwenyewe. Akabandika lebo "barua:katungu", akaweka, akashuka kuanika mashati. Hata akapiga mluzi.

Saa nane wasichana waliingia. Kulikuwa na mashine nane. Mwalimu Ézéchiel alikaa pembeni akisahihisha madaftari. Katungu wa Beni alikaa mashine ya pili, akaandika jina, akaandika namba, akaufunika uso kwa mikono na kusoma kupitia vidole. Kisha mikono ikashuka. Hakulia kama mbuzi. Alilia bila sauti, akamvuta Kavugho shingoni, na Kavugho alikuwa na nafasi ya kufurahi kwa muda wa pumzi mbili.

"Eh," ilisema sauti kutoka mashine ya tano. "Mama yangu bamemupasua nini?"

Huyo alikuwa Katungu wa Kanyabayonga, ambaye mama yake hajawahi hata kuumwa na jino.

"Na ya kwangu?" Huyu alikuwa Katungu wa mwaka wa tatu, aliyesimama nyuma ya kiti chake na mkono kiunoni. Mama yake anauza mikate ya kukaanga mbele ya lango la shule. "Ya kwangu minamuacha saa hii kwa portail, anageuza mikate. Bamemupasua saa ngapi? Na anasema nisiende Beni. Beni nina nani?"

"Pengine bamemupasua na mafuta," mwingine alisema, na kicheko kikaenea chumbani.

Kavugho hakucheka. Alikuwa anatazama mashine ya nane. Hapo alikaa Katungu wa nne, Katungu mdogo wa Lubero, wa mwaka wa pili, ambaye mama yake alizikwa miaka miwili iliyopita na ambaye Jumamosi huja tu kusoma salamu za shangazi. Alikuwa ameweka kidole kwenye skrini, mwisho kabisa wa barua, pale palipoandikwa "Ni mimi mama yako", na alikuwa hajakiondoa.

Mwalimu Ézéchiel aliinuka, akapita nyuma ya viti vyote vinne, akasoma. Akamtuma mtu amwite Ma Sœur Agar.

Ma Sœur alikuja na Papa Mathe nyuma yake, kwa kuwa alikuwa jikoni naye wakihesabu sufuria. Alikuwa mama mnene, mtaratibu, ambaye hakuwahi kupaza sauti na kwa hiyo aliogopwa. Alisoma barua, akamwondoa Katungu mdogo kwenye kiti, akamweka pajani kama mtoto wa chekechea. Kisha akatoa simu yake, akamwomba Katungu wa Beni namba ya nyumbani, akaweka sauti wazi ili wote wasikie.

"Allô," ilisema sauti ya Élisée.

"Ni Ma Sœur Agar wa Butembo. Mama anaendelea namna gani, mwanangu?"

"Ma Sœur, mama iko hapa hospitali. Bado hawajamupasua. Ni kesho kutwa, Jumatatu, asubui sana."

Ma Sœur aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Na barua yenye mulituma jana?"

"Minaandika kama vile mama alisema. Alisema Katungu aje. Alisema hapana anataka kuingia pale ndani bila kumuona. Na tulishangaa anachelewa." Élisée alivuta kamasi. "Mumwambie tena sungura yake imezaa tano."

Katungu alikuwa amesimama. Hakumtazama Ma Sœur wala simu. Alimtazama Kavugho, na Kavugho aliona jinsi alivyokuwa akiunganisha mambo taratibu: barua ya saa nne, mluzi, mashati, "usije Beni".

"Ulisema hapana unasoma barua za batu," alisema.

"Sikusoma," alijibu Kavugho.

Ma Sœur alifunga simu. Kwanza alipanga safari: gari la saa tisa na nusu kwenda Beni, barabara ilikuwa nzuri wiki hiyo, na yeye mwenyewe angempeleka Katungu hadi mlangoni pa hospitali. Papa Mathe aliagizwa afunge chakula cha njiani. Katungu alikwenda kuchukua begi lake bila kugeuka. Baada ya hapo tu ndipo Ma Sœur alipomgeukia mwalimu.

"Mashini inaweza kusema nani aliandika?"

Mwalimu Ézéchiel aliinama juu ya kibodi. Alikaa hapo muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwaka mzima alikuwa amempa mwanafunzi mmoja tu ruhusa ya kuandika kwenye kabati lile, na alimjua vizuri, lakini hakugeuka kumtazama.

"Mashini inasema tu Kavugho," alijibu. "Namba haikuandikwa."

"Kavugho basimame."

Wakasimama watatu. Kavugho wa Kanyabayonga, ambaye anasoma ushonaji na anaiogopa hata kalkuleta, alisimama akiwa na uzi mdomoni. Kavugho wa Luofu, wa mwaka wa kwanza, mdogo hata sketi inamfika kwenye vifundo vya miguu, alisimama akiishika sketi hiyo kwa mikono miwili. Na yule wa mwaka wa sita alisimama katikati yao, na ni lazima isemwe, kwa aibu, wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba watatu ni wengi. Jina ni la watatu. Lebo moja, watu watatu. Hapo katikati mtu angeweza kukaa hata wiki.

"Kavugho yupi?" aliuliza Ma Sœur, polepole.

Mwalimu alifuta miwani yake kwa kona ya koti.

"Ma Sœur," alisema yule mdogo wa Luofu, na machozi yalikuwa yameshaanza, "miye hata kuwasha mashini sijue. Muniambie tu nifanye nini, nitafanya."

Huyo mtoto alikuwa tayari kuadhibiwa kwa kuwa alizaliwa kwa zamu ileile. Nyuma yake, mlangoni, Katungu alikuwa amerudi na begi lake, akingoja. Alikuwa ananitazama mimi, si wale wengine wawili.

Basi, kwa nini niendelee kujificha nyuma ya jina la watu watatu, nikisema "yeye" na "Kavugho" tangu mwanzo wa ukurasa? Nilimshika mdogo bega nikamkalisha.

"Ni mimi, Ma Sœur," nilisema. "Namba sifuri tatu nane nane. Barua ya kweli niliifuta bila kujua, ya uongo niliiandika nikijua. Katungu, unisamehe ukirudi, sasa hapana, sasa enda." Kisha nikamwona Papa Mathe amesimama na mfuko wa mikate mkononi, akiwa na aproni yake imefungwa vizuri, akinisikiliza kwa huruma kuliko nilivyostahili, nikaona kabati liko wazi tayari, bora litoke lote. "Na maharage pia ni mimi."